Nahodha asiyesema Kifaransa: kesi ya Saku Koivu na Montreal

Saku Koivu alikuwa nahodha wa Montreal Canadiens tangu 1999 hadi 2009. Katika historia yote ya klabu hiyo ya hoki ya barafuni kutoka Quebec, jimbo la Kanada lenye wasemaji wengi wa Kifaransa, ni Jean Béliveau peke yake aliyewahi kukaa na cheo hicho muda mrefu kiasi hicho. Lakini kila jina la Mfini huyu, mtu wa Ufini, linapotajwa, mashtaka mawili hufufuka: hakuleta kombe, na hakusema Kifaransa katika mji ambao Kifaransa ndiyo roho yake. La pili lina uzito, na nitalipa haki yake. La kwanza limesimama juu ya hesabu mbovu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tuanze na kombe. Montreal wana makombe 24 ya Stanley, kombe la bingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, la mwisho likiwa la 1993. Wiki chache tu baada ya sherehe za kombe hilo ndipo walipomchagua Koivu, kijana wa miaka 18 kutoka Turku, akiwa wa 21 katika orodha ya wachezaji wapya. Alipoanza kuwachezea mwaka 1995, nyumba ilikuwa inabomoka. Desemba mwaka huo kipa Patrick Roy, shujaa wa 1993, aliondoka kwa ugomvi na kupelekwa Colorado, na msimu huohuo Colorado wakabeba kombe. Manahodha wawili waliomtangulia Koivu, Pierre Turgeon na Vincent Damphousse, ni wana wa Quebec wenyewe. Wakiwa na unahodha hawakulileta. Waliomfuata Koivu nao hawajalileta. 2021 walifika fainali wakafungwa na Tampa Bay. Ukame wa zaidi ya miaka 30 unamwangukiaje mtu mmoja?

Anayeshikilia shtaka hilo autazame mchujo wa Aprili 2006, ambapo timu mbili hukutana mara kwa mara mpaka moja ishinde mechi nne. Montreal walikuwa wameshinda mechi mbili za kwanza ugenini kwa Carolina. Katika mechi ya tatu, nyumbani, gongo, fimbo ya kuchezea, la Justin Williams wa Carolina likampiga Koivu jicho la kushoto. Akatolewa uwanjani akiwa ameumia retina. Montreal wakapoteza mechi ile katika muda wa nyongeza, wakapoteza nne mfululizo, wakatupwa nje. Carolina hao hao wakaenda kutwaa kombe. Sisemi kwamba Koivu angebaki mzima Montreal wangekuwa mabingwa. Nasema timu iliyoongoza mbili bila ilipomkosa nahodha wake haikushinda tena hata mechi moja, na mabingwa wa mwaka ule ndio waliokuwa upande wa pili. Mtu mwenye uzito kiasi hicho kwa timu yake haitwi nahodha aliyeshindwa.

Jicho lile halikurudi kama lilivyokuwa. Uwezo wa kuona pembeni ulipungua, na katika mchezo huu adui hutoka pembeni. Msimu uliofuata, 2006–07, Koivu alicheza mechi 81 na kupata pointi 75, yaani mabao yake pamoja na pasi zake za mabao. Ndizo nyingi kuliko alizopata msimu mwingine wowote maishani mwake.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kwa sababu haikuwa mara ya kwanza mwili wake kupigwa. Msimu wa 1996–97 alikuwa miongoni mwa vinara wa pointi wa ligi nzima, goti likaharibika, akamaliza na pointi 56 katika mechi 50 tu. Septemba 2001, akiwa na miaka 26, madaktari walimwambia ana saratani ya tezi za limfu, limfoma isiyo ya Hodgkin. Ni ukoo uleule wa saratani ambamo imo ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, baada ya kuiona kwenye mataya ya watoto. Wengi walidhani gongo limewekwa chini moja kwa moja.

Tarehe 9 Aprili 2002 alirudi uwanjani dhidi ya Ottawa. Alisimama juu ya barafu, nywele fupi zilizoanza kuota upya zikiwa chini ya kofia ngumu, na watu wakasimama nao. Makofi yakaenda dakika zipatazo nane. Akainua gongo kushukuru, wakaendelea. Akainua tena, wakaendelea. Alicheza mechi tatu tu za ligi msimu ule, kisha katika mchujo Montreal, waliokuwa wa nane, wakawatoa Boston waliokuwa vinara wa kanda ya mashariki. Msimu uliofuata, wa 2002–03, hakukosa mechi hata moja kati ya 82, akapata pointi 71, rekodi yake mpaka wakati huo. Baada ya saratani, rekodi. Baada ya jicho, rekodi tena. Kwa jumla alifikisha pointi 832 katika mechi 1,124 za NHL, chini sana ya Wafini wenzake Teemu Selänne na Jari Kurri. Lakini hao wawili jumla zao hazikukatwa vipande namna hii.

Sasa Kifaransa. Mwaka 2007, mbele ya tume ya Bouchard-Taylor iliyokuwa ikisikiliza maoni ya watu wa Quebec kuhusu utambulisho na wageni, mwanasheria mmoja alimlaumu nahodha waziwazi. Kabla ya mechi, video ya uwanjani ilimwonyesha Koivu akiitambulisha timu kwa Kiingereza pekee. Nje ya Quebec wengi waliona ni unyanyasaji kwa mtu aliyenusurika kifo. Mimi siwacheki waliolalamika. Mwaka 1955 Maurice Richard, nyota wa Canadiens, aliposimamishwa na ligi, mitaa ya Montreal iliwaka, kwa sababu watu walimwona msemaji mwenzao wa Kifaransa akionewa na mabwana wa Kiingereza. Ilibidi wasubiri hadi 1977 kupata sheria ya kukifanya Kifaransa lugha ya kazi na ya mabango. Kwao nahodha wa Canadiens si mchezaji tu. Na Koivu anatoka Ufini, ambako Kifini kilikaa karne nyingi chini ya Kiswidi hadi amri ya 1863 ilipoanza kukipa nafasi serikalini. Turku kwenyewe majina ya mitaa yameandikwa kwa lugha zote mbili. Kama kuna mgeni aliyepaswa kuelewa, ni yeye, na miaka 12 ilitosha kujifunza salamu na zaidi. Hapo ana deni, sina cha kumtetea.

Ila deni hilo halikuwa lake peke yake. Video ile ilitengenezwa na klabu, ambayo ingeweza kumwekea maneno matano ya Kifaransa tangu siku ya kwanza. Baadaye alikuja kuyasema, na hakuna aliyekufa. Kiingereza nacho kwake kilikuwa cha kujifunza, na ndicho kilichotawala chumba cha kubadilishia nguo. Alipougua, ilibidi aende Sherbrooke, umbali wa kilomita 150 hivi, kupimwa kwa mashine ya PET, inayopiga picha za kuonyesha saratani mwilini, maana hospitali za Montreal hazikuwa nayo kwa wagonjwa kama yeye. Alipopona alianzisha mfuko, fedha zikachangwa, mashine ikafungwa katika hospitali ya Montreal General. Wanaolala chini ya mashine ile wanaulizwa kwa Kifaransa kama wako tayari, wanajibu kwa Kifaransa. Sijui kipimo kizuri zaidi cha mgeni aliyeupokea mji kama wake.

Jezi yake namba 11 haikustaafishwa, yaani haikutundikwa darini ili namba isivaliwe tena. Baadaye ikavaliwa na Brendan Gallagher. Kwa klabu yenye makombe 24, dari limejaa majina ya mabingwa, na sidhani Koivu mwenyewe angedai nafasi pale. Desemba 2014, miezi michache baada ya kustaafu, walimwita kumpa heshima yake kabla ya mechi dhidi ya Anaheim, timu yake ya mwisho. Watu walewale wa Montreal wakasimama tena, kama walivyosimama 2002.