Usitupe fremu ambazo mhariri hakuzichagua

Inaniudhi kila ninapoona mpigapicha mstaafu wa gazeti la mji mdogo akiweka mtandaoni picha zake za mwanzo: kumi bora, zimekatwa pembeni zikabaki sura tu, hazina tarehe wala jina la mtu. Kisha anasema negativu zilizobaki, yaani filamu zenyewe zilizopigiwa picha, zinakwenda jalalani kwa kuwa hazina kitu. Zina kitu, tena mara nyingi kuliko hizo kumi.

Kwenye gazeti dogo, roli ya filamu yenye fremu 36, yaani picha 36, haikuwa ya tukio moja. Mwandishi ndiye mpigapicha, filamu inabanwa, kwa hiyo kikao cha baraza, mechi na ajali ya barabarani vinakaa kwenye roli moja. Mhariri alichukua fremu moja au mbili zenye nyuso zinazoonekana vizuri hata zikichapwa kwa nukta nene za gazeti. Nyingine ziliachwa kwa sababu mtu aligeuka, au duka la nyuma limeingia mno. Leo tunalitafuta duka hilohilo.

Kwa hiyo anza na namba. Kingo za filamu zina namba za fremu, na roli iliyokatwa vipande vya fremu sita hupangika tena kwa kuzifuata. Kisha tafuta fremu iliyochapishwa, uilinganishe na gazeti lenyewe. Ukiipata, za kabla yake haziwezi kuwa zimepigwa baada ya siku ilipopigwa hiyo, na za baada yake haziwezi kuitangulia. Angalizo: tarehe ya gazeti si tarehe ya picha. Gazeti la kila wiki linaweza kuwa nyuma ya tukio kwa siku kadhaa, hivyo andika tarehe ya toleo kama tarehe ya toleo. Namba ikiruka kati ya kipande na kipande, huenda fremu hiyo ilikatwa ikachapishwe. Anza kuitafuta gazetini.

Skani mkanda mzima pamoja na kingo zake, na bahasha ilimohifadhiwa, pande zote mbili. Dpi 3200 (nukta kwa inchi) hutoa takriban pikseli 4,500 kwa 3,000 kwa fremu ya milimita 36 kwa 24. Zima kipengele cha kufuta vumbi kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: fedha iliyomo kwenye negativu nyeusi na nyeupe huzuia mwanga huo, na programu huidhania picha yenyewe kuwa uchafu.

Haya, nakubali, nyingi ni mbaya. Flashi imeunguza paji la uso, na filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga) iliyopigwa kama 1600 imepoteza kila kilichokuwa gizani. Hakuna programu itakayokirudisha. Lakini ubovu wa picha haufuti kibao cha duka kinachosomeka.

Toa negativu kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, maana hunata. Karatasi isiyo na asidi au plastiki ya polipropilini inafaa. Zinazonuka siki zimeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Zitenge leo, na uzianze hizo kuskani kabla hazijajikunja.