Kuendesha trela Uganda: barabara ni ile ile, kilichohama ni kitanda

Nikishuka Mombasa kupakia, hakosi kijana wa Changamwe au Jomvu wa kunivuta kando: "Kaka, nasikia Uganda madereva wanalipwa vizuri. Nipeleke kwa bosi wako." Jibu langu ni refu kuliko subira ya kijana, ndiyo maana naliandika. Kwa ufupi, usihamie Uganda kwa ajili ya mshahara. Ukilinganisha wa huku na wa kwetu, tofauti haikufikishi mbali, na kuna miezi Mombasa ndiyo inayozidi. Sababu za kuja zipo, ila ni nyingine, na hasara zake huzisikii kwa wale wanaorudi Idi na viatu vipya.

Wengi wetu wa Pwani hatukuvuka kwa kupenda kutalii. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ilipoanza 2018, makontena ya Nairobi yakahamia relini, na Agosti 2019 likaja agizo kwamba makontena yote yapande treni, lililowatoa watu wa Mombasa barabarani kuandamana. Agizo likasitishwa, shinikizo likaendelea, hadi 2022 serikali mpya iliporudisha uhuru wa mwenye mzigo kuchagua. Lakini mwenye trela mbili za mkopo hawezi kungoja miaka yote hiyo siasa itulie. Gereji zilifungwa, hoteli za Mariakani na Mtito Andei zikakosa walaji, na madereva wakabaki na leseni mfukoni. Kampuni za Uganda ziliendelea kutafuta watu wanaoijua bandari, nasi bandari tunaijua kuliko nyumba zetu.

Karatasi si tatizo kubwa. Tangu 2014 Mkenya anavuka mpaka wa Malaba kwa kitambulisho tu, na nchi hizi mbili pamoja na Rwanda zimeondoleana ada ya kibali cha kazi, ingawa kibali chenyewe bado unakiomba.

Uhamiaji wetu ni wa ajabu kidogo. Aliyekwenda Doha au Riyadh huagwa uwanja wa ndege na akirudi huchinjiwa mbuzi. Sisi tumehamia ncha ya pili ya barabara ile ile, na kazi yenyewe inatupitisha nyumbani tena na tena. Kwa jamaa zetu hatujaenda popote. Arusi ikija unaambiwa, "Si juzi ulionekana Miritini?" Mchango wa ughaibuni unadaiwa kamili, lakini heshima ya ughaibuni hupewi.

Na hiyo kupita nyumbani, kijana, usiihesabu kuwa ni kufika nyumbani. Wazazi wangu wanakaa Mariakani, si mbali na mizani ya kupimia malori. Gari likiwa na kontena la Uganda lina sili ya elektroniki, na safari yako inatazamwa kwenye skrini na watu wa forodha wa Kenya na wa Uganda. Ukitoka nje ya njia au ukisimama pasipostahili, simu inaita. Basi napita nikipiga honi, mama anajua ni mimi. Kuonana kwetu ni wakati gari liko tupu na zamu ya kupakia haijafika, na bosi anataka uilinde hiyo zamu. Kabla sijahama nilikuwa nalala kwao mara nyingi kuliko sasa.

Kazi hii inasifiwa kwa kuendesha, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ni kungoja. Unangoja bandarini, mizani, Malaba, kisha unangoja bohari la Bweyogerere au Nakawa mpaka mwenye mali akumbuke kuleta vibarua wa kushusha. Ni kweli mambo yalikuwa mabaya zaidi zamani. Eneo moja la forodha lilipoanza 2014, ushuru ukawa unalipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa, na serikali zikajisifu kuwa safari ya siku 18 hadi Kampala imeshuka hadi siku nne. Nne hizo zipo, nimewahi kuziona. Ila mtandao ukikatika mpakani, foleni inarudi nyuma kilomita kwa kilomita, na wewe huwezi kuliacha gari ukalale lojingi maana ukirudi dizeli imenyonywa. Unaoga kwa maji ya kununua kwenye mtungi, unapika kwenye boksi la pembeni ya trela, unafahamiana na jirani wa foleni kuliko shemeji yako.

Wakati wa corona ndipo nilipojua dereva ni nani machoni pa watu. Mwaka 2020 redio za Uganda zilikuwa zikitangaza idadi ya madereva wa malori waliokutwa na virusi, siku baada ya siku, na mama ntilie waliotulisha miaka wakawa wanatutolea sahani kwa mbali. Januari 2022 Uganda ilipotaka kila dereva apimwe mpakani kwa dola 30, tuligoma. Foleni ikajinyoosha kuelekea Bungoma, Kampala ikakosa mafuta, na mahali pengine lita ya petroli ikafika shilingi 10,000 za huko. Siku hizo, tusiotakiwa kukaribiwa, tukaanza kuitwa ndugu.

Sasa pesa. Kampuni nyingi za huku hukupa mshahara mdogo wa mwezi, halafu pesa ya safari. Ndani ya pesa ya safari mna chakula, maegesho, pancha ndogo, na yale ya njiani ambayo hayana risiti. Dizeli unapimiwa kwa lita, tangi lina kihisio, ikipungua unakatwa. Ofisi ya Kampala haijawahi kupanda mlima wa Timboroa na kontena zito huku ukungu umefunga, lakini hesabu yake ndiyo inayofuatwa. Kampuni kadhaa zimewaondoa matanboi, yaani wasaidizi wa dereva, ili kupunguza gharama, kwa hiyo kufunga turubai, kubadilisha tairi na kulinda gari usiku ni wewe mmoja. Sheria ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Sijamsikia bosi akiikataa kwa mdomo. Anaipanga tu pesa ya safari hivi kwamba utaivunja mwenyewe kwa hiari yako.

Mizani nayo inataka maelezo, maana wengi wanadhani ni suala la uzito wote. Trela ya ekseli sita inaruhusiwa tani 50: nane mbele, 18 kwa zile mbili za kichwa, 24 kwa tatu za nyuma. Unaweza kuwa na jumla halali na bado ukakamatwa, kwa sababu aliyepakia kontena China amerundika vitu vizito upande mmoja. Kuufungua mzigo upange upya huwezi, sili ni ya forodha. Unaanza kupiga simu: ajenti, bosi, mwenye mali, kila mmoja anamtaja mwenzake. Wewe ndiye uliye pale na gari limezuiwa. Kwetu na huku ni sawa tu kwa hili, iwe Mlolongo au Magamaga.

Polisi wa pande zote mbili wanajua kuomba. Naruka.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Kuishi Uganda kuna raha yake, na hapa ndipo naona faida halisi. Mimi nimepanga Seeta, njia ya Mukono. Chakula ni kingi na rahisi kuliko kwetu: matoke, viazi vitamu, mchuzi wa karanga, na ukipita Namawojjolo kuku wa mkaa na ndizi gonja vinakufuata dirishani kabla hujasimama. (Nazi naikosa, na hakuna aliyenishawishi kwamba karanga ni badala yake.) Tangu daraja jipya la Jinja lifunguliwe Oktoba 2018 hatujipangi tena kuvuka juu ya bwawa la zamani. Watu ni wapole, hata akikutukana kwenye msongamano anaanza na "ssebo", yaani bwana. Mke wangu alipohamia huku na watoto, gharama za nyumba zikawa moja badala ya mbili, na hapo ndipo hesabu ya kuhama ilipoanza kukubali. Ukiiacha familia Mombasa ukapanga chumba Kampala, unalipa kodi mbili ili ulale kwenye kichwa cha lori.

Kiswahili kitakutosha kwenye maegesho: Naluwerere, Malaba, Elegu, kote tunaongea hicho na Wasomali, Wakongo na Warundi. Sokoni utahitaji Kiganda. Wazee wengi wa Kampala bado wanakiona Kiswahili kuwa cha askari na majambazi, ingawa baraza la mawaziri liliamua 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima. Jifunze Kiganda, ni adabu na pia bei inashuka.

Kuna jambo jingine ambalo dereva wa Mombasa–Nairobi halijui. Ukiajiriwa Kampala, safari haiishii Kampala. Kesho unaambiwa Kigali, ambako unahamia upande wa kulia wa barabara mara tu unapovuka, na mpaka wa Gatuna uliwahi kufungwa kwa mizigo tangu 2019 hadi mwanzoni mwa 2022 kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Kesho kutwa ni Kongo. Au ni Juba, Sudan Kusini, kupitia Karuma na mpaka wa Elegu. Lami ya kutoka Nimule, ng'ambo ya mpaka, hadi Juba ipo, kilomita 192, tatizo si lami. Mwaka 2021 madereva waligoma kuvuka baada ya wenzetu kuuawa. Walioendelea kwenda wanalipwa zaidi, na vijana wanaokimbilia hiyo ziada wengi hawana watoto.

Kwa hiyo ukija, zungumza kwanza na mkeo kama atahama, si kama atavumilia. Halafu kabla hujashika ufunguo, muulize bosi mambo matatu na yaandikwe kwenye mkataba. Siku za foleni analipa nani? Ekseli ikizidi kwenye kontena lenye sili, faini ni ya nani? Na ukiumia au ukifa Sudan Kusini, nani anakurudisha na kwa pesa za nani? Bosi wangu wa kwanza huku alicheka nilipofika swali la tatu, akasema Mungu atasaidia. Niliyenaye sasa alichukua kalamu akaandika, akaniuliza kama nataka na la nne.