Tunamcheka Amin, halafu?

The Last King of Scotland, filamu ya 2006, inamfanya Idi Amin apendeke kabla hajatisha. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo, na 2007 akatwaa Oscar. Wapo Wauganda wanaoona huko ni kumpamba muuaji. Wana hoja, ila wameishika kwa upande usio wake.

Chukua tukio la ng'ombe. Gari la Amin limemgonga, mkono wa rais umeumia, na Garrigan, daktari kijana kutoka Uskoti, anaufunga huku mnyama akilia. Kelele zinamshinda, ananyakua bastola ya Amin na kummaliza ng'ombe. Walinzi wanashtuka. Amin anafurahi, anavua shati lake la kijeshi na kubadilishana na fulana ya Scotland ya yule kijana. Hapo mtazamaji ameshanaswa, na ndivyo inavyopaswa. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore, Amin alipotwaa madaraka, Kampala ilishangilia barabarani. Ukimchora zimwi tangu dakika ya kwanza, shangwe zile huwezi kuzieleza.

Kasoro ni macho tuliyopewa. Garrigan ni wa kubuni, lakini hofu tunayoihisi ni yake; Wauganda wengi waliouawa wanatufikia kama picha anazoonyeshwa na Mwingereza. Baya zaidi ni la Kay. Huyu alikuwa mtu halisi, mke aliyepewa talaka na Amin, na mwaka 1974 mwili wake ulikutwa umekatwa vipande. Filamu imembebesha mapenzi na daktari ambaye hakuwahi kuishi, kisha ikageuza kifo chake kuwa adhabu ya mapenzi hayo. Hili halivumiliki. Kumwonea Amin huruma kidogo si kosa. Kumzulia marehemu aibu ili mgeni apate kisa ni kosa.

Na macho mengine yalikuwepo. Benedicto Kiwanuka, mwanasheria na mwanasiasa wa Uganda, alifungwa na Obote mwaka 1969. Amin alimfungua 1971, akamfanya Jaji Mkuu. Kiwanuka alikuwa na kila sababu ya kumwamini, sababu nzito kuliko fulana. Septemba 1972 watu wa Amin walimchukua kutoka Mahakama Kuu, Kampala, na hakurudi. Mwandishi akianzia siku ile lango la gereza lilipofunguliwa, mtazamaji atampenda Amin pamoja na Kiwanuka, na atajua jina la anayechukuliwa.