Kijana mwenye sindromu ya Down na klabu ya mazoezi: aende au abaki barazani?

Familia nyingi za Unguja na Pemba zenye mtu mzima mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, huvutana kuhusu mazoezi. Mama husema: huyu alizaliwa na tundu la moyo, mwacheni apumzike. Mjomba, anayekimbia na klabu ya mtaa na hakosi Siku ya Mazoezi ya kila Januari 1, hujibu kuwa kukaa barazani na chai ya sukari ndiko kutakakommaliza. Mabishano haya hayatakwisha kwa sauti kubwa, maana kila mmoja ana hoja.

Tuanze na hoja ya mama. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa na hali hii, 40 hadi 50 huwa na kasoro ya moyo. Iliyo maarufu zaidi ni tundu kubwa la katikati, panapokutana vyumba vinne vya moyo. Likizibwa mapema, mtoto hukua na moyo unaofanya kazi vizuri. Lisipozibwa, damu nyingi husukumwa mapafuni kwa miaka, mishipa ya huko hukakamaa, na mwisho mkondo hugeuka: damu isiyo na oksijeni huingia mwilini moja kwa moja. Midomo huwa ya buluu, ncha za vidole huvimba. Kwa mtu wa namna hiyo kukimbizwa au kukaukiwa na maji ni hatari ya kweli, wala si woga wa mama.

Na wenye umri wa miaka 30 au 40 leo walizaliwa zamani, kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijaanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Wapo ambao hawakupasuliwa. Wapo waliopasuliwa utotoni na hawajarudi kliniki tangu hapo. Isitoshe, valvu zinaweza kuanza kuvuja ukubwani hata kwa aliyezaliwa na moyo mzima. Kwa hiyo ekoo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ya utotoni haitoshi. Kabla ya kumpeleka uwanjani inahitajika ekoo mpya, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na kipimo cha damu cha tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea huleta uchovu na unene ambao watu huuita uvivu.

Shingo nayo itazamwe. Kano zinazoshika pingili mbili za juu huwa zimelegea. Kumpiga eksirei kila mtu hakusaidii sana, kwani picha nzuri ya leo haizuii tatizo la mwakani. Kinachotakiwa ni kuangalia dalili: maumivu ya shingo, kichwa kukaa upande, mwendo uliobadilika, mkono uliopoteza nguvu, au kujikojolea kulikoanza upya. Ikiwepo mojawapo, hakuna mazoezi mpaka daktari amwone.

Hoja ya mjomba nayo ina uzito. Kuanzia miaka ya 1970 wapo watafiti walioona kuwa watu hawa hawapati sana mafuta ya kuziba mishipa, na shinikizo lao la damu huwa chini. Wengine wakajipa matumaini kwamba basi moyo wao hauhitaji kulindwa. Hilo ni kosa. Unene ni mwingi miongoni mwao, kiharusi huwapata zaidi kuliko wenzao wa rika moja, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni huwa mdogo kiasi kwamba kijana hufanana na mzee. Zamani wengi walifariki kabla ya kufika umri wa matatizo hayo. Nchini Marekani wastani wa maisha yao ulikuwa kiasi cha miaka 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo umekaribia 60.

Je, mazoezi huubadilisha moyo wenyewe? Hapa utafiti hausemi kauli moja. Jaribio la Chicago lililochapishwa mwaka 2004, la watu wazima 52, lilitumia wiki 12, siku tatu kwa wiki: dakika 30 hadi 45 za mazoezi ya kuharakisha moyo na pumzi, na 15 hadi 20 za nguvu. Uwezo wa oksijeni ulipanda na misuli ikaimarika. Jaribio jingine la mwaka 2001, la vijana waliovuta makasia kwenye mashine kwa wiki 16, halikuona oksijeni ikipanda, ila walifanya kazi nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta majaribio yanayofaa ni machache mno na ya watu wachache. Ninavyoona, anayetaka mazoezi yawe tiba ya moyo ameahidi asichoweza kukitoa. Anayetaka kijana apande ngazi bila kukaa kitako njiani ana ushahidi wa kutosha. Uzito nao haupungui sana kwa mazoezi pekee, chipsi zikiendelea.

Klabu nyingi hukosea kwenye mapigo. Kanuni ya 220 kutoa umri humpa mtu wa miaka 30 kilele cha mapigo 190 kwa dakika. Kwa mwenye sindromu ya Down, neva zinazouharakisha moyo hazijibu kwa nguvu, na kilele chake hukaribia 179 kutoa umri mara 0.56, yaani 162 hivi. Mwalimu akimtaka afike 133 hadi 152, akidhani ni asilimia 70 hadi 80, kwa hakika amemweka kwenye asilimia 82 hadi 94. Kijana huketi chini na kukataa, kisha huambiwa mkaidi! Lengo la kuanzia liwe mapigo 97 hadi 113 kwa dakika. Anayemeza dawa za kupunguza mapigo asipimwe kwa hesabu hii kabisa. Bila saa, tumia mdomo: akiweza kuimba kasida nzima bila kukatika, ongeza mwendo, akishindwa kuitikia salamu kwa maneno matatu, punguza.

Baada ya daktari kuruhusu, wiki mbili za mwanzo zitoshe dakika 10 za kutembea, siku tatu, na dakika tano za kupasha mwili kabla na tano za kuupoza baada. Ongeza dakika tano kila wiki moja au mbili mpaka 30. Siku mbili ziwe za nguvu: kuinuka kitini bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba dumu la lita tano mkono kwa mkono, mara 8 hadi 12, mizunguko miwili. Miguu yao huwa bapa na viungo vimelegea, hivyo mchanga mkavu wa pwani huwaumiza vifundo. Maji yakipwa, mchanga mgumu uliolowa unafaa, naye avae viatu. Kuruka majini kwa kichwa pale Forodhani, kubiringika na kupiga mpira kwa kichwa viachwe. Mwalimu aonyeshe kwa mwili, asieleze kwa maneno mengi, na njia isibadilishwe ghafla.

Kaskazi ikiwaka, watoke kabla ya saa moja asubuhi. Wengi hawasemi kiu wala maumivu, kwa hiyo maji hutolewa bila kungoja kuombwa, isipokuwa daktari amewawekea kiwango. Midomo ikigeuka buluu, akizimia au akishika kifua, ni spitali.

Ramadhani mazoezi yahamie baada ya futari, na yawe mepesi. Akiyaacha mwezi mzima, baada ya Idi aanze na nusu ya dakika alizofikia.