Ohio State 10, Michigan 13: kombe lilifuta nini hasa?

Tarehe 30 Novemba 2024 Ohio State waliingia uwanjani kwao Columbus wakiwa namba 2 kwa ubora katika futiboli ya vyuo vikuu Marekani, na kampuni za kamari ziliwapa ushindi wa takriban pointi 20. Michigan, watani wao wa jadi, walikuja wakiwa wameshinda mechi 6 na kupoteza 5, bila beki wao bora Will Johnson na bila Colston Loveland, mpokeaji pasi tegemeo. Matokeo: Michigan 13, Ohio State 10, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Ilikuwa mara ya nne mfululizo kwa kocha Ryan Day kufungwa na watani hao.

Wiki saba baadaye, kocha yuleyule na vijana walewale waliifunga Notre Dame 34-23 mjini Atlanta na kutwaa ubingwa wa taifa. Tangu siku hiyo sisi mashabiki tuna mabishano yasiyoisha. Wapo wanaosema kipigo cha Novemba kilikuwa ajali tu, mpira unadunda, na kombe limeshafunga mjadala. Wengine bado wanamkaba Day: alikuwa na kikosi cha dhahabu, akakipoteza kwa ukaidi wake mwenyewe.

Nianze na wanaosema ajali, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mpiga mateke Jayden Fielding alikosa mawili, yote ya chini ya yadi 40. Kila teke ni pointi 3, hivyo hizo ni pointi 6 katika mechi iliyoamuliwa kwa pointi 3. Kwotabeki Will Howard, yaani mrusha pasi wa Ohio State, alinaswa pasi mbili, na moja ilinaswa hatua chache tu kutoka mstari wa lango la Ohio State wenyewe, mkimbiaji wa Michigan, Kalel Mullings, akaenda kufunga kirahisi. Ongeza majeruhi. Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa kwotabeki, alishaumia Oktoba dhidi ya Oregon. Seth McLaughlin, anayeanzisha mpira katikati, naye alikatika mshipa wa kisigino mazoezini mwezi huohuo wa Novemba. Ukuta wa mbele, yaani wanaomkinga kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji, ulikuwa wa viraka. Na safu ya ulinzi, jamani, ilifanya kazi yake: Michigan walipata yadi 62 tu kwa pasi mechi nzima. Ukiizuia timu namna hiyo halafu ukapoteza, una haki ya kulia na bahati.

Ila hapo ndipo mimi na wao tunapoachana. Kama ukuta wako ni wa viraka, kwa nini unaendelea kuupeleka pale adui alipo na nguvu zaidi? Katikati ya ngome ya Michigan walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, na anayefuatilia mchezo huu hakuhitaji kuambiwa uzito wao. Miezi michache baadaye wote wawili walichaguliwa na timu za kulipwa katika raundi ya kwanza, Graham akiwa wa 5 na Grant wa 13. Ohio State wakawaendea uso kwa uso: mbio 26 za mpira mkononi, yadi 77. Hazifiki yadi 3 kwa kila mbio, katika mchezo unaokupa nafasi 4 tu za kusogeza yadi 10.

Na pembeni alikuwepo nani? Jeremiah Smith, mpokeaji pasi wa Ohio State, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa tishio kwa kila beki nchini. Ndiyo, Smith ndiye aliyefunga bao la kusawazisha kabla ya mapumziko, 10-10. Lakini alimaliza mechi na yadi 35 tu. Kipindi cha pili Ohio State hawakupata hata pointi moja. Michigan, wasiokuwa na pasi ya maana, waliendelea kumpa Mullings mpira mpaka dakika za lala salama. Wakihitaji yadi 6, akapenya akala 27. Mpiga mateke wao, Dominic Zvada, akapiga teke la yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45. Basi. (Vurugu za baada ya kipyenga, Michigan walipotaka kusimika bendera yao uwanjani, mpaka polisi wakamwaga gesi ya pilipili, naziacha. Vyuo vyote viwili vilitozwa faini ya dola 100,000, na hakuna cha kuchambua pale.)

Kwa macho yangu, benchi la Ohio State lilikuwa limechoka kuambiwa kwamba timu yao ni laini, kwamba Michigan huwazidi misuli. Wakataka kujibu kwa misuli. Hesabu ya mchezo ilisema kitu kingine, nao wakachagua kiburi.

Je, basi Day alistahili kibarua kuota nyasi, kama wengi walivyodai usiku ule? Hapana, na siyo kwa sababu ya kombe peke yake. Aliyekosea mpango anaweza kubadili mpango, na huyu alibadili. Katika mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa, Tennessee walipofika Columbus tarehe 21 Desemba walipigiwa pasi tangu mwanzo, wakalala 42-17. Oregon, waliokuwa namba moja, walijikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko, na Smith peke yake alikusanya yadi 187. Viraka vilikuwa vilevile na kwotabeki alikuwa yuleyule.

Lakini anayesema kombe limefuta kila kitu akumbuke kalenda. Msimu huo ndio wa kwanza kwa mtoano wa timu 12. Mwaka mmoja nyuma zingeingia 4 tu, na Ohio State, wenye vipigo viwili na bila hata nafasi ya fainali ya ligi yao ya Big Ten, kwa vyovyote wangetazama mtoano kwenye televisheni. Day aliokolewa na utaratibu mpya kabla hajajiokoa mwenyewe. Wanaomtetea hawapendi kuigusa sehemu hii.

Kinachonifanya niamini kwamba Novemba ulikuwa uamuzi mbovu kuliko bahati mbaya ni mpira mmoja wa Atlanta. Ohio State wanaongoza 31-23, Notre Dame wamefufuka, zimebaki dakika mbili na ushee, jaribio la tatu kati ya manne, zinahitajika yadi 11. Kocha mwoga angekimbiza mpira katikati ili saa iendelee kutembea. Day na msaidizi wake Chip Kelly wakamruhusu Howard autupe mbali kwa Smith aliyekuwa na beki mmoja tu. Yadi 56. Kisha Fielding, yuleyule wa Novemba, akaingia na kupachika teke la yadi 33. Smith huyo alikuwepo pia siku ya Michigan, na hakuna aliyeukataza mpira usimfikie isipokuwa benchi lake mwenyewe.