Mgeni Rasmi Akija Ndo Nakumbukwa

Jamani leo acheni niseme maana kifua kimejaa. Mimi ni mwalimu wa Historia, shule ya kata huku Mwanza, nina vipindi 26 kwa wiki, natoka Zama za Mawe naenda mpaka Vita vya Maji Maji, na cheti changu chote ukikisoma juu chini hakuna palipoandikwa kiuno. Lakini nenda pale getini uniulizie kwa jina, mlinzi anakuangalia tu. Sema unamtaka ticha Ngoma, unasindikizwa mpaka mlangoni na mwanafunzi anakubebea mkoba.

Kosa langu lilikuwa moja. Mwaka nilioripoti tulimuaga mwalimu mmoja mstaafu, pilau ikaliwa, soda zikashuka, mtu akafungulia mziki, na mimi kwa furaha ya pilau nikanyanyuka nikacheza kama dakika tatu hivi. Tatu tu! Jumatatu mkuu ananiita ofisini, natembea huku moyoni nagawa mshahara mpya, kumbe ni barua ya kuniteua mwalimu wa sanaa na utamaduni, posho hakuna, kipindi hakijapungua hata kimoja. Nikamwambia mkuu, mimi Mpare wa Same, hawa ni watoto wa Kisukuma, ngoma yao bugobogobo nawafundishaje mtu aliyezaliwa nayo? Akaniambia mwalimu mzuri hujifunza kwa wanafunzi wake. Ile kauli sijaifungulia kesi mpaka leo, na mnaotujua Wapare mtaelewa huo ni uvumilivu wa kiwango gani.

Sasa kumbe na wenyewe hawaijui! Watoto wa mjini hawa, wamekulia kwenye simu, mwambie akuoneshe hatua moja ya kwa babu yake anakuwekea amapiano, ukikaza sana anakuletea singeli, ule mziki wa Dar unaokimbia kama umekanyaga kaa la moto, mi nikiusikia tu magoti yanaomba ruhusa. Ikabidi nimtafute mzee mmoja jirani yangu anifundishe, jioni tuko wawili uwanjani kwake, kuku wanatuangalia. Wiki ya pili mke wangu kaniuliza kwa upole kabisa hivi mshahara wa ualimu umekataa au.

Kwa msioijua, bugobogobo ni ngoma ya shamba. Wasukuma zamani wakienda kulimiana, ngoma inalia pembeni na majembe yanashuka kwa pamoja, kazi haichoshi, eka inaisha mtu bado anaimba. Siku hizi imehamia jukwaani, mchezaji anazungusha jembe, analirusha juu, analidaka. Jembe la kweli, la chuma, lenye mpini. Sasa we chukua mtoto wa fomu tuu ambaye jana umemrushia chaki imempiga usoni, umpe jembe alirushe angani. Siku ya kwanza jembe moja lilitua katikati ya tuta la mchicha la makamu mkuu wa shule na huyu baba mpaka leo ana hesabu ya mafungu matatu, tukiwa kikao cha taaluma tunajadili matokeo ya moku, ikifika zamu yangu anakohoa kwanza.

Halafu majembe yenyewe sio yangu, ni ya mwalimu wa EK. Elimu ya Kujitegemea, nyie mliosoma zamani mnamjua yule mtu mwenye funguo nyingi kuliko mlinzi. Nikienda kuazima ananiandikisha kwenye leja kama nakopa benki: majembe 12, sababu ya kutoka, "kucheza". Kaandika vile, kucheza, kwa peni nyekundu. Mpini ukivunjika naununua mimi. Mwaka jana nimenunua mipini mitano, mtu hana hata bustani ya kitunguu!

Ngoma nazo zina maudhi yake. Masika yakianza ngozi inalegea, unapiga inatoa mlio wa ndoo yenye maji, lazima uioke kwenye moto ikaze, na moto wa uhakika pale shuleni upo sehemu moja tu, jikoni kwenye makande ya wanafunzi. Mama mpishi ananiona natokea na ngoma tatu kwapani, anashika mwiko. "Mwalimu, leo tena? Nywele za mbuzi zikidondokea humu wewe ndo utaenda kuwaambia watoto ni kitoweo?" Basi nakaa pale nje kwenye moshi nageuza ngoma kama mahindi ya kuchoma, fomu foo wanapita wananisalimia shikamoo mwalimu huku wameziba mdomo. Na kengele ya kipindi changu imegonga, darasani wananisubiri kwenye Mkutano wa Berlin.

Wachezaji kuwapata ni vita nyingine. Wazuri wote wako fomu foo na fomu foo haguswi, ana mtihani. Wasichana wanaona haya, wavulana viuno vimekauka kama vimepigwa plasta. Kuna kijana mmoja mwili wake ni wa ngoma kabisa, nikamuita, akanijibu kwa heshima zote kwamba mwalimu samahani, imani yangu hairuhusu mambo ya ngoma. Nikasema sawa, imani ya mtu iheshimiwe. Jioni nafungua TikTok namkuta na shati la shule anakatika juu ya dawati LANGU, watu elfu nne wameshapenda. Nikamuita kesho yake, akasema ile sio ngoma mwalimu, ile ni chalenji.

Wazazi ndo usiseme. Baba mmoja alikuja amekunja sura, kakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, eti nimenunua sare, nimenunua madaftari, mwanangu aje kurusha majembe? Kurusha majembe si angebaki kwangu shambani akayarusha bure! Nikaeleza, nikaeleza, akamtoa mtoto. Siku ya mahafali mtoto kajirudisha mwenyewe kimyakimya, kacheza, na yule baba, huyuhuyu, kasimama mbele ya watu wote na simu anarekodi, kawaziba mpaka wajumbe wa bodi, anapiga kelele "huyo wa katikati wangu huyo!" Mpini alioazima mwanao ulivunjika siku ile mzee, nakudai.

Makamu nilijaribu kumshika kwa upande wa somo langu. Nikamwambia, mwaka 1962 Nyerere alipounda wizara ya utamaduni alilalamika kwamba watu tunajua madansi ya kigeni lakini ukituuliza ngoma zetu kama gombe sugu, kiduo au lelemama tunatoa macho. Nikaona amenyamaza, nikajua nimempata. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na majembe alisema yatoke EK?"

Ila sasa we subiri mgeni rasmi atangazwe. Ghafla mimi ndo lulu ya shule! Mkuu ananiita mwalimu wetu wa utamaduni, makamu ananivutia kiti, mwalimu wa EK analeta majembe mwenyewe, yameoshwa. Barua inasema mgeni anafika saa nne. Tunapanga watoto saa tatu, wamevaa kaniki, njuga miguuni, jua la Mwanza lile linawapiga utosini. Saa nne, hola. Saa sita, hola. Watoto wamekunywa maji yote ya wageni, mmoja kaanza kusinzia ameegemea jembe kama mlinzi. Saa nane msafara huo! Risala inasomwa kurasa sita, inataja mpaka matundu ya vyoo, tunasikiliza. Halafu MC anashika maiki: "Kwa kuwa muda umetutupa mkono, ngoma itachezwa dakika mbili."

Dakika mbili jamani, bugobogobo dakika mbili ndo kwanza mtu anatema mate mkononi ashike mpini vizuri. Tukicheza hivyohivyo mgeni anasimama, anakuja katikati anatingisha bega moja, anatunza elfu kumi, makofi, na hiyo elfu kumi MC anaishika, nikifuatilia jioni naambiwa ilinunua maji. Yale maji waliyokunywa watoto asubuhi! Tumejinunulia wenyewe kwa kucheza.

Mashindano ya UMISSETA, yale ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya mwaka jana ningewashangaza wote hawa. Tulikuwa tunaongoza, naona kabisa majaji wanatikisa kichwa kwa kufuata mdundo, mavazi safi, majembe yanapaa kumi na mbili yanashuka kumi na mbili. Zimebaki kama sekunde ishirini kijana wangu mmoja akasikia uwanja unashangilia, kichwa kikapata moto, akatupa jembe pembeni akaingiza singeli. Uwanja ulilipuka, mi nimekaa chini nimeshika kichwa. Kwenye karatasi ya majaji uasilia tukapata 4 kati ya 20, na mimi nikiwa jaji ningempa 2.

Nilijiapiza nikaandika barua ya kujiuzulu, iko kwenye droo mpaka sasa, nimekosa tu siku ya kuipeleka.

Juzi usiku saa nne kasoro nimelala nimejipaka dawa ya kuchua magoti yote mawili, chumba kizima kinanuka mchaichai, simu ikalia. Mkuu. "Mwl habari za usiku, keshokutwa tuna ugeni mzito, andaa burudani kidogo, dk 2 zinatosha." Mke wangu kageukia ukutani hata hajauliza. Nikajibu sawa mkuu.

Asubuhi nikamkimbilia mwalimu wa EK. Kafungua leja taratibu, kapitisha kidole, akasema majembe yote yametoka, yapo kwenye shimo la choo kipya, hayarudi mpaka wiki ijayo. Nikamuangalia. Naye akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza alinionea huruma kweli.

"Ila mafyekeo yapo," akasema, "tena yamenolewa jana."

Nimeandikisha 12. Nimetoka hapo nimeenda uwanjani kuhesabu hatua kutoka watoto watakaposimama mpaka kwenye kiti cha mgeni rasmi, nimepata hatua nane, nikarudia kuhesabu kwa hatua ndogondogo zikafika kumi na moja, namsubiri mkuu atoke kwenye kikao nimuombe tusogeze kiti.