Sanamu ya Bernini imemsahau mama

Sanamu ya mchongaji Mwitaliano Bernini, ya Pluto, mungu wa kuzimu wa Waroma, akimnyakua msichana Proserpina, imesifiwa mpaka sifa zimekwisha. Aliimaliza mwaka 1622 akiwa kijana wa miaka 23, kwa fedha za kardinali Scipione Borghese, na leo imo Galleria Borghese mjini Roma. Anayeisifu huanzia palepale: vidole vya Pluto vilivyozama kwenye paja la msichana, marumaru ikabonyea kama nyama ya mtu. Ufundi huo sibishani nao. Ninachobisha ni kwamba tumezoea kuitazama hadithi nzima kutoka upande wa mtekaji.

Inua macho kidogo. Shavuni kuna chozi, na kiganja cha Proserpina kinamsukuma Pluto usoni mpaka ngozi karibu na jicho imekunjamana. Msichana anapigana! Mchoraji Mholanzi Rembrandt, mnamo 1631, alikwenda mbali zaidi. Katika mchoro wake ulioko Berlin, Proserpina anamparura Pluto uso huku wenzake wameng'ang'ania gauni lake, wakiburutwa nyuma ya gari. Haupendezi kuutazama, na ndiyo sababu naupenda. Afadhali huo kuliko Europa, msichana mwingine aliyetekwa na mungu, Zeus aliyejigeuza fahali, kwenye sarafu ya euro 2 ya Ugiriki: kakaa juu ya fahali kana kwamba anakwenda matembezini.

Lakini Bernini na Rembrandt wote wamemwacha mwenye hadithi. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, mungu wa nafaka na mama wa msichana huyo, ambamo Proserpina na Pluto ni Persephone na Hades, kisa ni cha mama. Binti anachuma maua, ananyoosha mkono achume narsisi, ardhi inapasuka. Baba yake, Zeus, mfalme wa miungu, alishamwoza kwa ndugu yake Hades bila mama mtu kuambiwa lolote. Demeter anazunguka siku 9 na mienge mikononi, hali wala haogi. Mwishowe Helios, mungu wa jua aliyeshuhudia yote, anamweleza ukweli, kisha anamwambia apunguze kilio kwani Hades ni mkwe wa hadhi yake. (Jamaa wa namna hii hawakosekani kwenye ukoo wowote.)

Demeter hakubembelezeka. Alizuia nafaka isiote, wanadamu wakakaribia kufa njaa, miungu wakaanza kukosa sadaka. Hapo ndipo Zeus alipokumbuka kwamba binti anaweza kurudishwa, na hata hivyo, kwa kuwa alishaonja chakula cha kuzimu, punje ya komamanga aliyolishwa na Hades, theluthi moja ya kila mwaka ikabaki kuwa ya kuzimu.

Mchoraji aliyelielewa hili alifanya kazi karne ya 4 KK, ndani ya kaburi huko Vergina, kaskazini mwa Ugiriki, ambalo mwanaakiolojia Manolis Andronikos alilifukua mwaka 1977. Kwenye ukuta mmoja gari la Hades linaondoka kasi, Persephone kanyoosha mikono nyuma, rafiki yake kachutama kwa hofu. Ukuta mwingine una mwanamke peke yake, kaketi kajitanda vazi lake, na wataalamu wengi humtambua kuwa Demeter. Utekaji na msiba vimo chumba kimoja. Huwezi kutazama kimoja ukakikwepa kingine. Rangi zimechujuka na plasta imebanduka sehemu nyingi, lakini kwa usimulizi, mchoraji huyo namweka juu ya Bernini.